UZI WA PICHA: Dakota (DC-3), ndege iliyoruka 1935 na mpaka leo inapiga kazi

Mwana wa Fundi

Wakuu heshima kwenu. Hizi picha nimekaa nazo muda mrefu, nyingine za marehemu mzee wangu, nyingine nimekusanya mwenyewe mwaka hadi mwaka, nikaona zisije zikafia kwenye simu. Mzee alikuwa fundi wa ndege Embakasi, uwanja wa ndege wa Nairobi, enzi za East African Airways (shirika la pamoja la Kenya, Uganda na Tanzania), aliingia 1964, shirika lilipovunjika 1977 akarudi Tanga na sanduku la spana na sikio la kushoto lililokwisha kwa mngurumo wa injini. Comet kazigusa, Fokker kazigusa, VC10 nazo kazigusa, lakini ukimuuliza "mzee ndege bora ni ipi" jibu ni moja tu, Dakota. Mimi nikajua ni mapenzi ya ujanani tu, si unajua wazee na vitu vyao. Nimekuja kuelewa ukubwani kwamba mzee alikuwa anaongea kifundi kabisa, kuna sababu za chuma na riveti zilizofanya ile ndege isizeeke, na ndo hizo nataka niwaonyeshe picha kwa picha. Mwenye haraka apite, uzi ni mrefu.

PICHA YA 1. Hii ni DC-1, babu wa Dakota, angalia ilivyo mpya inang'aa, ilitengenezwa moja tu duniani.

Kisa chake kinaanzia kwenye msiba. Tarehe 31 Machi 1931 ndege ya Fokker ya shirika la TWA ilianguka kwenye mashamba ya Kansas kule Marekani ikaua wote 8 waliokuwemo, mmoja wao Knute Rockne, kocha wa mpira wa Kimarekani aliyekuwa maarufu nchi nzima. Bawa la ile ndege lilikuwa la mbao, unyevu ulikuwa umeingia kwenye gundi, bawa likaachia angani. Watu wakaanza kuogopa ndege za mbao, na mashirika yakajua bila ya chuma tupu hakuna biashara.

Boeing wakawahi na 247, ya chuma, abiria 10, ila 60 za mwanzo zote zilikuwa za shirika la United kwa sababu walikuwa kampuni ndugu. TWA wakaambiwa subirini foleni. Bosi wao Jack Frye hakusubiri, tarehe 2 Agosti 1932 akaandikia viwanda barua fupi kwamba nataka ndege ya chuma ya injini tatu. Donald Douglas wa Santa Monica, California, akajibu kwamba mimi nitakupa ya injini mbili na itafanya kazi yote. Hapo rubani maarufu Charles Lindbergh, aliyekuwa mshauri wa TWA, akaweka sharti gumu: ndege iweze kuruka na injini moja ikiwa na mzigo kamili kutoka uwanja wowote wa TWA, hata ile ya milimani ambako hewa ni nyepesi.

DC-1 iliruka mara ya kwanza tarehe 1 Julai 1933, rubani Carl Cover. Kapanda kidogo tu injini zikaanza kuzima, akiinamisha pua zinawaka, akiinua zinazima. Akaiendesha hivyohivyo kwa kuibembeleza, anapanda kidogo anainamisha, mpaka akapata urefu wa kuzunguka na kutua salama. Walipofungua wakakuta vielea vya kabureta vimefungwa kinyume, kwa hiyo pua ikiinuka petroli inakatika. Mzee alikuwa anakipenda mno hiki kisa, alikuwa akiwasimulia mafundi wadogo kila anapowafundisha kufunga kabureta.

Na lile sharti la Lindbergh lilitimizwa mwaka huohuo. Waliipeleka Winslow, Arizona, uwanja uko juu zaidi ya futi 4,500, wakaruka na injini moja ikiwa imezimwa, wakaenda mpaka Albuquerque hivyohivyo.

---

Kibarua Mtwara

Mkuu nimeweka kiti hapa siondoki. Mimi nimezaliwa Mtwara na bibi yangu ndege zote alikuwa anaziita dakota, hata Boeing ikipita anasema dakota ile inaenda Dar. Endelea.

---

Mwana wa Fundi

Kibarua Mtwara, bibi yako hakukosea sana, kwa watu wa kusini wengi ndo ndege ya kwanza kuiona kwa karibu. Nitafika huko.

PICHA YA 2. Angalieni hii vizuri, ni ya American Airlines. Juu ya madirisha ya kawaida kuna vidirisha vingine vidogo vyembamba. Hivyo ni vya vitanda vya juu.

Ndo hivyo wakuu, DC-3 ilizaliwa kama ndege ya kulala. DC-1 ilizaa DC-2 mwaka 1934, abiria 14, ikauzika. C.R. Smith wa American Airlines alikuwa na ndege kuukuu zenye vitanda akataka DC-2 ipanuliwe kiwiliwili watu walale ndani. Douglas hakutaka, alikuwa na oda za kutosha za DC-2, na hivi nani analala kwenye ndege? Smith akapiga simu ya masafa marefu akaongea mpaka mwenzake akalegea. Mhandisi Arthur Raymond na wenzake wakapewa kazi, na tarehe 17 Desemba 1935 pale Clover Field, Santa Monica, ikaruka, rubani ni yuleyule Carl Cover. Ilikuwa miaka 32 kamili, siku kwa siku, toka ndugu Wright waruke na ndege yao ya kwanza ya injini pale Kitty Hawk.

Vitanda 14 usiku. Ila walipopima wakaona mchana ukitoa vitanda unaingiza viti 21, na kutoka viti 14 vya DC-2 mpaka 21 gharama ya kuiendesha haikupanda kwa kiasi hicho. Hapo ndo mambo yalipobadilika. Kabla yake mashirika ya Marekani yalikuwa yanaishi kwa kubeba barua za serikali, abiria ni nyongeza. Smith mwenyewe alisema DC-3 ndo ndege ya kwanza iliyoweza kuleta faida kwa kubeba abiria peke yake. Kutoka pwani moja ya Marekani hadi nyingine ukielekea mashariki ilikuwa kama saa 15 na vituo vitatu vya mafuta, wakati kabla yake ulikuwa unapanda ndege mchana usiku unashushwa unapanda treni.

Vitanda vyenyewe havikudumu. Viti ndo vilibaki.

---

Bint Chumbageni

Kaka asante kwa uzi. Swali la mtu asiyejua: kwa nini ikisimama chini imeinua pua juu kama kunguru anayeangalia mwewe? Nimeona picha zote iko hivyo.

---

Mwana wa Fundi

Dada, gurudumu lake la tatu liko mkiani badala ya puani. Kwa hiyo ikisimama mkia uko chini, ukiingia mlango wa nyuma unapanda mlima mpaka kwenye kiti chako, ukiangusha chungwa pale mbele litakufuata mpaka mlangoni. Ilivyokuwa zamani viwanja vingi ni nyasi na vumbi, na mtindo huu unaipa propela nafasi kubwa kutoka ardhini, haigongi mawe wala vichaka.

Ila ule mteremko una ubaya wake na niuseme. Wakati Berlin imezingirwa 1948 na Wamarekani na Waingereza wanapeleka chakula na makaa ya mawe kwa ndege, walianza na hizihizi, lakini zilikuwa zinabeba kama tani 3 na nusu tu na kupakua kwenye sakafu iliyoinama kunachelewesha watu. Wakazitoa wakaweka C-54 yenye sakafu iliyonyooka inayobeba tani 10. Kwa hiyo msinione nasifia tu.

Na magurudumu ya mbele yakikunjwa hayazami yote, nusu inabaki nje chini ya injini. Magurudumu yakigoma kushuka rubani anaweza kutua hivyohivyo juu ya zile tairi zilizochungulia, propela zinapinda, tumbo linapona.

PICHA YA 3. Hii ni ya vita, angalia ile mistari myeupe na myeusi kwenye bawa na kiwiliwili. Ni alama za siku ya Normandy, 6 Juni 1944, ili wenzao wasiwatungue kwa makosa. Siku ile C-47 zaidi ya 800 zilibeba askari wa miamvuli na kuvuta ndege zisizo na injini. C-47 ni DC-3 ileile iliyowekewa sakafu ngumu na mlango mpana wa mizigo unaopitisha hata gari la jipu. Waingereza wakaiita Dakota na sisi tukalirithi jina kutoka kwao.

DC-3 za kiraia zilitengenezwa 607 tu. Vita vikafanya jumla ipite 10,000 kutoka viwanda vya Santa Monica, Long Beach na Oklahoma City. Warusi walikuwa wamemtuma mhandisi Boris Lisunov akae Santa Monica ajifunze, akarudi wakatengeneza zao kama 4,900 wakaziita Li-2. Wajapani nao walinunua leseni kabla ya vita wakatengeneza karibu 500. Yaani kuna vita moja hiyo ndege ilikuwa pande zote.

PICHA YA 4. Hii ndo picha ninayoipenda kuliko zote za vita na haina bunduki. Angalia mabawa. La kulia fupi.

Mwaka 1941 DC-3 ya shirika la CNAC la China ilikamatwa chini na ndege za Kijapani, bomu likang'oa bawa la kulia. Hakuna bawa la DC-3 la akiba, Hong Kong kuna la DC-2, fupi kwa futi 5. Wakalifunga lile bawa chini ya tumbo la ndege nyingine, likabebwa zaidi ya kilometa 1,000, likafungwa pale, na ndege ikaruka nalo mpaka Hong Kong. Mafundi wakaibatiza DC-2½. Fikirini bawa la ndege nyingine, urefu tofauti, limeingia kwenye boliti zilezile na rubani karuka nalo! Mzee nilipomwonyesha hii picha hakushangaa hata kidogo, alisema tu "bawa lake ni boliti, lina shida gani".

---

Otis wa Lang'ata

Niaje wadau, mimi nimekulia karibu na uwanja wa ndege wa Wilson hapa Nairobi. Miaka ya themanini na tisini bado zilikuwa zinapeleka watalii Maasai Mara, asubuhi mapema unasikia ile sauti nzito hata kabla hujatoka kitandani, unajua tu hiyo ni DC-3 inatoka. Haikuwa kelele ya kuumiza masikio, ilikuwa inatetemesha kifua. Saa hizi ni Caravan na Dash 8 tu. Sasa mtoa mada, hebu tuelezee hiyo ya kutozeeka. Mambo ya chuma na riveti uliahidi na bado hatujaona.

---

Mwana wa Fundi

Otis umenikumbusha mbali. Haya, hapa ndo kwenyewe, someni taratibu.

PICHA YA 5. Bawa la Dakota limefunuliwa ngozi ya juu. Hii mzee aliipiga mwenyewe karakana.

Mnaona ndani hakuna mhimili mmoja mnene? Ndege nyingi za enzi hizo bawa lilikuwa na mti mmoja au miwili mikubwa, ukipata ufa kwenye ule mti umekwisha. Hapa mhimili ni zaidi ya mmoja, kati yake kuna mbavu na vyumba vidogovidogo kama masega ya nyuki, halafu ngozi ya nje nayo inabeba uzito, haikuwekwa kufunika tu. Mtindo huu aliubuni Jack Northrop, na Douglas akauchukua toka DC-1. Maana yake uzito umegawanywa kwa wengi, kipande kimoja kikichoka majirani wanakishikilia na fundi ana muda wa kukiona kwenye ukaguzi na kukibadilisha.

Hiyo ni sababu ya kwanza. Ya pili ni kiwiliwili, na hii watu wengi hawaijui.

Ndege za leo zinaruka juu sana ambako hewa ni haba kwa hiyo ndani zinajazwa hewa kwa presha. Kila ikipanda kiwiliwili kinavimba kidogo, ikishuka kinasinyaa. Kila safari. Chukua waya uukunje na kuunyoosha, ukunje na kuunyoosha, mwisho unakatika bila hata kutumia nguvu. Ndo kilichozipata Comet za kwanza, mbili zilipasuka angani mwaka 1954 ndani ya miezi minne, na uchunguzi ukakuta chuma kimechoka kwa ule mvimbo. (Zile Comet 4 zilizokuja kwetu 1960 zilikuwa zimeshasanifiwa upya, msichanganye.)

Dakota haijazwi hewa. Inaruka chini, kawaida yake chini ya futi 10,000, hewa ya ndani na ya nje ni moja. Kiwiliwili hakivimbi wala hakisinyai. Ndo maana kuna DC-3 moja ya Marekani iliyotoka kiwandani 1937 imeruka zaidi ya saa 90,000, zigawe kwa siku uone, ni zaidi ya miaka 10 mfululizo iko hewani tu haijagusa ardhi! Ndege nyingi za presha zinafika mahali zinahesabiwa safari na kuambiwa basi. Ya Dakota unabadilisha bati lililoliwa na kutu, unabadilisha injini, unaendelea.

Gharama yake abiria ndo aliilipa. Kuruka chini maana yake unapita katikati ya mawingu na lile joto la mchana, inarushwa huku na huku, mzee alisema ndege ikitoka safari ya mchana kazi ya kwanza ilikuwa kusafisha sakafu kwa maji na dawa. Na kutoweza kupaa juu ya milima na hali mbaya ya hewa kulikuwa na hatari ya kweli. Mei 1955 Dakota ya East African Airways ikitoka Dar kwenda Nairobi iligonga mlima Kilimanjaro, wote 20 wakafariki. Mzee alikuwa bado hajaajiriwa lakini waliotangulia walikuwa wakimsimulia, na kila alipolitaja jambo hilo alikuwa anavua kofia.

---

Rada Songea

Hii ya waya wa kukunja imenikaa. Miaka yote nadhani ndege inazeeka kwa umri kama gari kumbe inahesabu kupanda na kushuka.

Hebu nenda kwenye injini mkuu, mimi ni fundi wa magari.

---

Mwana wa Fundi

Rada, basi hii ni yako.

PICHA YA 6. Watu wawili wamesimama mbele ya injini wanasukuma propela kwa mikono. Wa kulia, mwenye ovaroli iliyokunjwa mikono, ndo mzee. Hii ni asubuhi, angalieni vivuli virefu na ule umande kwenye tairi.

DC-3 za mwanzo zilikuwa na injini za Wright Cyclone, ila hizi tulizozoea ni Pratt & Whitney Twin Wasp. Silinda 14, zimepangwa duara, safu mbili za saba saba kama petali za ua, nguvu farasi 1,200 kila injini. Hazina maji ya kupooza, upepo tu. Kila silinda plagi mbili, kwa hiyo injini moja plagi 28, ndege nzima 56, na mzee alisema kulikuwa na siku amezitoa na kuzirudisha zote 56 mpaka jioni vidole haviwezi kushika kijiko.

Sasa wanachofanya pale. Kwa kuwa silinda zimekaa duara, zile za chini zimeangalia ardhi. Injini ikilala usiku oili inachuruzika taratibu inapita kwenye ringi inajaa kwenye silinda za chini. Ukija asubuhi ukapiga stata moja kwa moja, pistoni inakutana na oili, na oili haibonyei kama hewa, kitakachopinda ni kile chuma cha kuunga pistoni. Labda hakitavunjika palepale, kitavunjika wiki ijayo mko juu ya mbuga.

Kwa hiyo kabla ya kuwasha unaivuta propela kwa mkono, kibawa kimoja kimoja, unahesabu. Mzee alisema siri iko kwenye kiganja. Ikienda laini, sawa. Ikigoma ghafla, kama imegusa ukuta, USILAZIMISHE na USIRUDISHE NYUMA, unatafuta ni silinda gani, unafungua plagi ya chini, unaweka ndoo, oili inatoka nyeusi yenye uvuguvugu wa jana, unafunga, unaanza kuhesabu upya. Baadaye miaka ya tisini alifanya kibarua kwenye kampuni moja ndogo ya mizigo, hakuitaja jina na mimi sitaitaja, kijana mmoja akawahishwa na bosi akaruka hiyo hatua, injini iliwaka vizuri tu, siku chache mbele ikapiga kishindo ikiwa bado chini inapashwa moto. Injini nzima ikawa chuma chakavu. Mzee aliacha kazi pale wiki ileile.

Ikishawaka moshi mweupe mzito unatoka upande mmoja, silinda zinaingia kazini moja moja kwa kugugumia, halafu zote zinashikana inakuwa ule mngurumo wa Otis. Na chini ya kila injini kuna sinia la kukingia oili, kila Dakota inavuja, marubani walikuwa wanasema ukiona haivuji ujue oili imekwisha.

---

Bint Chumbageni

Nimesoma hapo kwenye kiganja mara mbili. Kaka mzee wako alikuwa mwalimu. Hivi zetu za East African zilifika lini na zilikuwa zinaenda wapi?

---

Mwana wa Fundi

East African Airways ilianza 1946 na ndege ndogo za mbao na kitambaa za De Havilland, Dakota zikaja miaka ya hamsini. Vita vilipoisha kulikuwa na maelfu zimezagaa, zinauzwa rahisi, na spea zake zimejaa kila kona ya dunia. Majirani zetu Ethiopia walianza nazo moja kwa moja, walichukua C-47 tano, safari ya kwanza ya abiria tarehe 8 Aprili 1946 kutoka Addis Ababa kwenda Cairo kupitia Asmara, viti ni mabenchi ya pembeni, mzigo katikati. Ethiopian mnayoiona leo ilianzia kwenye lile benchi.

Kwetu zilikuwa ndege za kushona nchi, Nairobi, Mombasa, Tanga, Zanzibar, Dar, halafu kusini huko kwa kina Kibarua. Mtwara, Songea, viwanja vya vumbi. Ukiangalia PICHA YA 7 utaona mkiani herufi 5H, ni usajili wa Tanzania, nyingine zilikuwa 5Y za Kenya na 5X za Uganda, shirika moja lakini ndege zimegawanywa nchi tatu. Mzigo unaoonekana pale mlangoni ni magunia ya barua, matenga ya kuku na baiskeli mbili. Yule mama mwenye mkoba na kanga kichwani simjui, mzee hakuandika nyuma ya picha.

Comet na VC10 ndo zilipata sifa, zilikuwa zinaenda London. Lakini mtu wa Songea aliyetaka kufika hospitali Dar masika barabara imekatika hakuhitaji VC10.

---

Kibarua Mtwara

Dah. Matenga ya kuku.

Mkuu Fokker Friendship si ndo ilikuja kuziondoa? Mimi hiyo ndo nimepanda, ya Air Tanzania.

---

Mwana wa Fundi

Ndiyo, Fokker F27 iliruka mara ya kwanza Novemba 1955 na lengo lilikuwa hilohilo, kurithi nafasi ya Dakota. Ndege nzuri, ina presha, bawa liko juu unaona ardhi yote, mzee mwenyewe aliiheshimu. Wengi walijaribu kutengeneza mrithi na kwenye abiria walifaulu. Ila marubani wana msemo wao kwamba mbadala wa DC-3 ni DC-3 nyingine, na ukiangalia kiwanda cha Fokker kiliacha kutengeneza F27 miaka ya themanini, leo za kuruka unazitafuta, wakati Dakota iliyotakiwa kuondoka bado ipo.

PICHA YA 8. Barafu tupu, na ndege ina skii chini ya magurudumu. Hii ni ya taasisi ya utafiti ya Ujerumani, Alfred Wegener, iko Antaktika. Pua imekuwa ndefu kidogo na propela zina vibawa vitano. Ni DC-3!

Kuna kampuni ya Basler, mji wa Oshkosh, Wisconsin, wanachukua kiwiliwili cha zamani, wanakivua mpaka mifupa, wanakiongeza urefu kama meta moja, wanatoa Twin Wasp wanaweka injini za tabo (zisizo na pistoni) aina ya PT6. Wanaiita BT-67. Sababu kubwa ni mafuta. Twin Wasp inakula petroli maalumu ya ndege, na hiyo petroli imekuwa adimu na ghali, Afrika ndo usiseme, wakati injini ya tabo inatumia mafuta yaleyale ya majeti yanayopatikana kila uwanja. Kiwiliwili hakikuwa tatizo, bawa halikuwa tatizo, kilichokufa ni pampu ya petroli pale viwanjani.

Na humohumo karakana ya Basler mwaka 2015 waligundua kiwiliwili kimoja kilichokuwa kinasubiri zamu yake ya kuvuliwa ndo ile C-47 iliyoongoza kundi kuu la askari wa miamvuli usiku wa Normandy, jina lake That's All, Brother. Wakaikomboa, wakairudisha kama ilivyokuwa, na 2019 ikavuka bahari yenyewe kwenda Ufaransa kwenye kumbukumbu ya miaka 75.

---

Rada Songea

Na zile zenye injini za zamani, zipo bado zinazobeba watu kibiashara au ni maonyesho tu?

---

Mwana wa Fundi

Zipo. Canada, Buffalo Airways walikuwa wanabeba abiria wa kawaida wa tiketi kati ya Yellowknife na Hay River mpaka miaka ya 2010 na kitu. Na Colombia, mji wa Villavicencio, ndo kama nyumba yao ya mwisho, mashariki ya pale ni mbuga na misitu hadi Amazon, vijiji havina barabara, Dakota inapeleka saruji, bia, petroli, ng'ombe aliyechinjwa, na abiria wanakaa pembeni ya mzigo. Ukiangalia PICHA YA 9 ni kama picha ya 7 imepigwa rangi.

Ila sitaficha, Machi 2019 moja ya hizo ilianguka karibu na Villavicencio, watu 14 wakafa. Ndege ya umri ule inasamehe mengi lakini haisamehi fundi asiye na spea wala kampuni inayobana senti. Kila mtu anayependa hizi ndege ajue hilo, bawa kudumu siyo kwamba injini nayo imedumu.

---

Otis wa Lang'ata

Mtoa mada, kongole sana. Ombi moja, hiyo picha ya 6 unaweza kuiweka kubwa zaidi? Babu yangu mzaa mama pia alikuwa Embakasi miaka hiyohiyo na huyo wa kushoto mwenye kofia nimemtazama sana.

---

Mwana wa Fundi

Otis kesho asubuhi naipeleka kwa jamaa mwenye skana nzuri naipandisha upya. Nyuma yake mzee kaandika kwa penseli, imefifia ila inasomeka: "Embakasi, saa 12 asubuhi, mimi na Mluhya wangu." Jina hakuandika. Muulize mama yako kama babu alikuwa na kovu kwenye kidevu, maana mzee alikuwa akimtaja rafiki yake wa zamu ya asubuhi hivyo.

---

Otis wa Lang'ata

Kovu lilikuwepo. Ngoja nimpigie mama.